Abu Rayhan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyeitafuta Kibla kwa Pande Tatu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, leo tunaeleza maisha ya Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazazi wengi visiwani hutuuliza kama mtoto anapoteza wakati anapokaa skuli akichora pembetatu, wakati angeweza kuwa chuoni akidurusu. Wengine huongeza kuwa elimu hiyo imetoka kwa watu wasiokuwa Waislamu, kwa hiyo haina uhusiano na dini. Tumeona kuwa maisha ya mtu huyu yanajibu suala hili vizuri zaidi kuliko maneno yetu.

KUZALIWA KWAKE NA MWALIMU WAKE

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, pembezoni mwa mji wa Kath. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Khwarazm, nchi iliyo karibu na mto Amu Darya, na leo eneo hilo limo Uzbekistan. Jina lake linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa kwao kulikuwa nje ya mji. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kikhwarazmi. Kiarabu alikisoma, na vitabu vyake karibu vyote akaviandika kwa Kiarabu.

Katika ujana wake Mwenyezi Mungu alimruzuku mwalimu mkubwa, Abu Nasr Mansur bin Iraq. Abu Nasr alikuwa mtoto wa ukoo uliotawala Khwarazm, lakini alijishughulisha na hesabu na elimu ya nyota. Alimfundisha kijana huyu, na baadaye akamwandikia risala kadhaa kwa jina lake. Wakawa mwalimu na mwanafunzi, kisha wakawa wenzi katika kazi kwa miaka mingi.

Miongoni mwa kazi kubwa za Abu Nasr ni kukisahihisha kitabu cha Menelaus, Mgiriki aliyeandika juu ya pembetatu zinazochorwa juu ya tufe, yaani juu ya kitu cha mviringo kama mpira. Mwanzoni mwa kitabu hicho imo kanuni ambayo watoto wetu huisoma, nayo ni kuwa si kila pande tatu zinaweza kufanya pembetatu. Tusimame hapa kidogo, kwa sababu bila ya kuifahamu kanuni hii hatutafahamu alichokifanya Al-Biruni.

KANUNI YA PANDE TATU

Chukua chelewa tatu za ufagio. Ikate ya kwanza urefu wa inchi 8, ya pili inchi 4, na ya tatu inchi 3. Ilaze chini ile ya inchi 8, kisha jaribu kuziunganisha zile mbili juu yake, kila moja ikianzia ncha yake. Hazitakutana, maana 4 na 3 ni 7, na 7 haifiki 8. Sasa badili ile ya inchi 4, weka ya inchi 5. Zitagusana, lakini zitalala juu ya ile kubwa, na hutapata pembetatu ila mstari mmoja tu. Kisha badili ile ya inchi 3, weka ya inchi 6. Hapo 5 na 6 zinafanya 11, zinaizidi 8, na pembetatu itasimama.

Basi kanuni ni hii: pande mbili zozote zikijumlishwa lazima ziuzidi upande wa tatu. Ukitaka unaweza kuisema kwa njia nyengine: upande wowote lazima uwe mdogo kuliko jumla ya zile mbili, na mkubwa kuliko tofauti yao. Nje ya mipaka hiyo hakuna pembetatu, hata ukibembeleza vipi.

Kanuni hii imo katika kitabu cha Euclid, kitabu ambacho maulamaa wa Baghdad walikifasiri kwa Kiarabu tangu zama za Harun Al-Rashid. Kwa Wagiriki wa kale walikuwapo waliomcheka Euclid kwa kujisumbua kuithibitisha. Walisema kuwa hata punda anaijua, kwani ukimwekea majani pembe moja naye yuko pembe nyengine, atayafuata kwa mstari ulionyooka, hatazunguka pande mbili. Wenye elimu wakawajibu kuwa kuona kwamba jambo liko hivi si sawa na kujua kwa nini liko hivi. Sisi tunaosoma dini tunaifahamu tofauti hii vizuri, kwani anayefuata tu hayuko daraja moja na anayeijua dalili.

Menelaus akaonesha kuwa kanuni hiyo inasimama hata juu ya tufe. Na juu ya tufe kuna sharti jengine, kuwa pande zote tatu zikijumlishwa zisifike duara zima. Haya ndiyo aliyoyasoma Al-Biruni akiwa kijana, na aliyatumia maisha yake yote.

FITNA NA SAFARI

Mwaka 995 ukoo wa mwalimu wake ulipinduliwa na watawala wa Jurjaniyya, mji mwengine wa Khwarazm. Al-Biruni alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Alilazimika kuikimbia nchi yake na kuishi kwa tabu. Alifika Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, na hapo akakutana na Al-Khujandi, aliyekuwa amejenga chombo kikubwa mno cha kupimia kimo cha jua.

Dhiki hiyo haikumkatisha na elimu. Mwezi Mei 997 alikuwa amerudi Kath, na akakubaliana na Abul-Wafa, mwanachuoni mkubwa wa hesabu aliyekuwa Baghdad, kuwa kila mmoja autazame mwezi utakapopatwa. Kupatwa kwa mwezi huonekana na watu wote wanaouona mwezi kwa wakati mmoja, lakini saa ya kila mji ni mbali. Wakizilinganisha saa zao watajua mji mmoja uko mashariki ya mwengine kwa kiasi gani, maana kila tofauti ya saa moja ni digrii 15 za dunia. Wanavyuoni hawa wawili walitenganishwa na majangwa na milima, na hawakuwa na njia ya kupelekeana habari ila barua za misafara, na wakaifanya kazi hiyo kwa uaminifu.

Baada ya hapo alikaa Gurgan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, na hapo karibu ya mwaka 1000 akamwandikia mtawala Qabus kitabu chake kikubwa juu ya kalenda za mataifa. Kisha akarudi Khwarazm akawa karibu na mtawala wake. Katika zama hizo aliandikiana pia na Ibn Sina, wakajadiliana maswali mazito ya maumbile kwa ukali wa vijana. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akawachukua wanavyuoni wake pamoja naye. Al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr walikuwa miongoni mwao. Akapelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya umri uliobaki.

Fikirini hali yake mwaka uliofuata. Oktoba 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, mbali na kwao, hana chombo hata kimoja. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, akachora nyuma yake sehemu ya duara yenye alama za digrii, akaning'iniza timazi kama ya mwashi, akapima kimo cha jua. Mtu aliyenyang'anywa nchi yake na vyombo vyake hakuona kuwa hana la kufanya.

KIBLA CHA GHAZNA

Sasa tunafika kwenye kazi iliyotufanya tuandike makala haya. Mwaka 1025 Al-Biruni alimaliza kitabu chake cha kuainisha mahali ilipo miji, na lengo mojawapo kubwa la kitabu hicho lilikuwa kujua kibla cha Ghazna.

Sisi wa Unguja na Pemba Mwenyezi Mungu ametusahilishia. Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yetu, imepotoka kwa kiasi cha digrii moja hivi tu kuelekea mashariki, na ndiyo maana katika lugha yetu neno kibla limetumika pia kwa maana ya kaskazini. Mtu wa Ghazna hana wepesi huo. Makka iko magharibi yake ikiinama kusini, na baina yao ipo nchi nzima ya Iran, kisha Ghuba, kisha jangwa la Arabuni. Hakuna aliye juu ya mlima wa Ghazna akaiona Makka. Atajuaje auelekeze wapi uso wake?

Al-Biruni akaliona suala hili kama pembetatu kubwa juu ya mgongo wa dunia. Pembe ya kwanza ni Ghazna, ya pili ni Makka, na ya tatu ni ncha ya kaskazini. Upande wa kutoka Ghazna hadi kwenye ncha ni kiasi cha digrii 56 na nusu. Upande wa kutoka Makka hadi kwenye ncha ni kiasi cha digrii 68 na nusu. Pande hizi mbili zinajulikana kwa kupima kimo cha jua au cha nyota katika kila mji, bila ya kusafiri baina yao. Upande wa tatu, wa kutoka Ghazna hadi Makka, ndio unaotafutwa pamoja na pembe yake, kwani pembe hiyo ndiyo kibla.

Hebu tuirudie kanuni yetu ya chelewa. Tofauti ya pande hizo mbili ni digrii 12, na jumla yake ni digrii 125. Basi kabla ya hesabu yoyote ngumu tunajua kuwa upande wa tatu hauwezi kupungua digrii 12 wala kuzidi 125. Akija msafiri akadai kuwa baina ya Makka na Ghazna ni digrii 10 tu, hatuhitaji kumuuliza alipita wapi. Pande zake hazifungi. Na kwa hakika masafa hayo ni kiasi cha digrii 28, zaidi ya kilomita 3,000.

Lakini mipaka peke yake haitoshi, kwani baina ya 12 na 125 kuna nafasi kubwa. Ilimpasa ajue Ghazna iko mashariki ya Makka kwa kiasi gani, na kupatwa kwa mwezi hakukupatikana kila mahali penye mtu wa kutazama. Hivyo akakusanya habari za misafara: kutoka mji fulani hadi mji fulani ni farsakhi kadhaa. Habari hizo alizipokea kwa tahadhari. Njia ya msafara hupinda, huzunguka mlima, hufuata kisima. Kwa hiyo haiwi fupi kuliko mstari ulionyooka, na mara nyingi huwa ndefu zaidi. Hiyo hasa ndiyo kanuni ya pande tatu kwa sura nyengine: anayezunguka hupita pande mbili, na anayenyooka hupita upande mmoja. Akazipunguza hesabu za misafara kwa kiasi cha kupinda kwa njia.

Hakutosheka na hapo. Kutoka Baghdad hadi Ghazna alihesabu kwa njia mbili mbali mbali. Moja ilipita kaskazini kwa Rayy, Jurjaniyya na Balkh, na nyengine ilipita kusini kwa Shiraz, Sijistan na Bust. Kisha akalinganisha majawabu mawili. Huu ni mwendo tunaoujua kwa maulamaa wetu wa hadithi, kuwa habari ya mpokezi mmoja hutazamwa kama ina mwenza aliyeipokea kwa njia nyengine. Al-Biruni alifanya hivyo kwa miji na masafa.

Tuseme pia neno moja la fiqhi ili asije mtu akapata wasiwasi. Maulamaa wengi wanaona kuwa aliye mbali na Al-Kaaba inamtosha kuelekea upande wake, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kuwa anakusudia Al-Kaaba yenyewe kadiri ya ijtihadi yake. Kwa kauli zote mbili mtu hakalifishwi ila anachokiweza. Kwa hiyo tusiivunje jamaa katika msikiti wa wazee wetu kwa ajili ya digrii moja au mbili zilizoonekana katika simu ya mtu. Tujifunze, tusahihishe kwa hekima, tusigombane.

MLIMA WA NANDANA

Alipokuwa akifuatana na jeshi la Sultan katika nchi ya Hindi, Al-Biruni alifika kwenye ngome ya Nandana, katika Punjab, Pakistan ya leo. Aliona mlima ulioinuka juu ya uwanda ulio sawa, akakumbuka jambo alilokuwa akilitamani kwa muda mrefu, nalo ni kupima ukubwa wa dunia.

Zama za Khalifa Al-Maamun wanavyuoni walikwishaipima dunia kwa kutembea katika jangwa la Sinjar, wakihesabu masafa hadi kimo cha nyota kibadilike kwa digrii moja. Kazi hiyo ilitaka watu wengi na siku nyingi. Al-Biruni akaifanya kwa mlima mmoja. Kwanza akaupima urefu wake kutoka chini, akapata kiasi cha dhiraa 652. Kisha akapanda juu, akapima ni kwa kiasi gani upeo wa macho umeinama chini ya usawa, akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii.

Hapo tena ipo pembetatu. Pembe moja ni kilele cha mlima, moja ni pale macho yanapoigusa ardhi kwa mbali, na moja ni katikati ya dunia. Upande mmoja ni nusu kipenyo cha dunia, na upande mrefu zaidi ni nusu kipenyo hicho hicho kikiongezwa urefu wa mlima. Tofauti ya pande hizo mbili ni mlima tu, nao si chochote mbele ya dunia, ndiyo sababu pembe aliyoipima ilikuwa ndogo mno na ikahitaji jicho la subira. Jawabu alilolipata lilikaribiana na lile la watu wa Al-Maamun.

MUNGU HAKUIFUNGA ELIMU KWA KABILA MOJA

Al-Biruni alikutana na watu wa aina ile ile tunayokutana nayo leo. Katika kitabu chake juu ya vivuli, ambacho kinahusu pia nyakati za Adhuhuri na Alasiri, ameeleza habari ya mtu wa dini aliyeletewa kifaa cha kujulia nyakati za sala. Mtu yule akakikataa kwa kuwa kilichorwa majina ya miezi ya Warumi, akaona kukitumia ni kujifananisha nao. Al-Biruni akamjibu kwa maana kuwa Warumi nao wanakula chakula, basi na aache kula asije akafanana nao.

Yeye mwenyewe alijifunza Kisanskriti katika utu uzima wake, akasoma vitabu vya Mabaniani, na karibu ya mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya Uhindi. Aliwaeleza kama wanavyojieleza wenyewe, bila ya kuwadhulumu, na imani yake haikutetereka.

Na wazazi wenye mabinti tunawaomba wazingatie hili. Mwaka 1029 aliandika kitabu cha kufundishia misingi ya elimu ya nyota, kwa mtindo wa suala na jawabu, na aliyemwandikia ni mwanamke wa kwao, Rayhana binti Hasan wa Khwarazm. Kitabu hicho hakianzi na nyota. Kinaanza na jiometri: nukta ni nini, mstari ni nini, pembe na pembetatu ni nini. Kisha hesabu, kisha ndiyo mbingu. Miaka karibu elfu moja iliyopita mwanachuoni mkubwa kabisa wa zama zake hakuona aibu kukaa na kumwandikia mwanamke aliyeuliza, akaanzia pale pale anapoanzia mtoto wako wa kike skuli.

KUFARIKI KWAKE

Alipotimiza miaka 65 ya Hijria aliandika orodha ya vitabu vyake, navyo vilikuwa vimepindukia 100. Vingi katika hivyo vimepotea. Kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota alimwandikia Sultan Mas'ud, mwana wa Mahmud, na inasimuliwa kuwa Sultan alimtunuku mzigo wa tembo wa fedha naye akaurudisha.

Alifariki Ghazna karibu ya mwaka 440 Hijria, sawa na 1048 au baada yake kidogo. Wasimulizi wameeleza kuwa faqihi mmoja aliingia kumtazama akiwa katika pumzi zake za mwisho. Al-Biruni akamuuliza mas-ala ya mirathi waliyowahi kuyazungumza, juu ya mafungu ya mabibi. Faqihi akamhurumia, akashangaa kuwa anauliza katika hali ile. Mgonjwa akamfahamisha kuwa kuiaga dunia naye analijua jambo hilo ni bora kuliko kuiaga hali hajui. Faqihi akamweleza, na yeye akayarudia mpaka akayahifadhi. Faqihi akatoka, na akiwa bado yumo njiani akasikia sauti za kilio kutoka katika nyumba ile.

Tazameni, ndugu zetu. Mtu aliyeipima dunia kwa pembetatu, suala lake la mwisho lilikuwa la fiqhi. Hakuona elimu mbili zinazogombana. Mirathi ni hesabu ya haki za watu, na kibla ni hesabu ya uso wa mja mbele ya Mola wake. Zote mbili zinataka mtu asiseme ila alilolijua, na habari inayomfikia aitazame kwanza kama pande zake zinafunga.

Basi mtoto akirudi nyumbani na kazi ya skuli, ameambiwa aseme ni pande zipi zinazoweza kufanya pembetatu na zipi haziwezi, msimwambie kuwa ni upuuzi. Mpeni chelewa tatu akae nazo chini ajaribu, na mkiweza kaeni naye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Rayhan na walimu wake, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa wenye kuitumia katika yanayomridhisha. Aamin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.